Dashikamu ya VIOFO A119 V3 ndani ya semi: itakufaa tajiri akikubebesha ajali?

Semi, yaani lori lenye tela, ikigusana na Noah kati ya Chalinze na Mikese, zinazaliwa kesi mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni ya trafiki: eneo linapimwa, mchoro unachorwa, maelezo yanaandikwa, kisha faini au mahakama. Ya pili inamsubiri dereva yadi. Huko ofisi ya tajiri, yaani mwenye gari, inataka kujua nani atalipa bampa, taa, mzigo uliomwagika na siku ambazo gari limelala bila kuzalisha. Madereva wengi wanajiandaa kwa kesi ya kwanza na kuangushwa na ya pili, kwa sababu ofisi inakuja na ripoti ya GPS iliyochapishwa wakati dereva anakuja na maneno matupu.

Tathmini hii inaipima dashikamu moja, yaani kamera ya kioo cha mbele inayorekodi barabara, VIOFO A119 V3, kwa kesi hiyo ya pili. Swali letu ni dogo: dereva wa ruti ya Dar es Salaam hadi Tunduma, Lusaka au Lubumbashi akiifunga leo, siku ya kuitwa ofisini atakuwa na nini mkononi? Jibu letu ni kwamba atakuwa na kitu cha maana sana, mradi kadi ya kumbukumbu iwe mikononi mwake na awe ameipanga kamera vizuri kabla ya safari. Ikifungwa ovyo ni pambo la kioo.

Kilichomo ndani ya boksi

A119 V3 ina lenzi moja inayotazama mbele, picha inayofika 2560 kwa 1600, upana wa nyuzi 140, na kibanio chenye GPS ndani yake. Haina Wi-Fi, kwa hiyo video hutoki nayo kwa simu moja kwa moja. Unahitaji kisoma kadi. Kwa matumizi haya hilo halina hasara, maana hakuna mtu mwingine atakayeingia kwenye kamera yako kwa simu yake gari likiwa limepaki.

Sababu kubwa ya kuichagua ni kapasita, kifaa kidogo kinachotunza umeme badala ya betri. Kamera nyingi za bei ya chini zina betri ndogo ya lithiamu ndani. Kioo cha semi kikikaa kwenye jua la mchana kwenye foleni ya mizani, joto la pale juu linapanda kuliko la kabini, na betri ya namna hiyo inavimba, inakiachanisha kifuniko cha kamera, na mwisho kamera inazima gari likitikiswa. Kapasita inavumilia joto. Kazi yake ni moja: umeme ukikatika ghafla, inaipa kamera sekunde chache za kulifunga faili lililokuwa linarekodiwa. Sekunde hizo ndizo zinazobeba ajali yenyewe, kwa sababu mgongano mkubwa mara nyingi unakata umeme. Faili lisilofungwa vizuri halifunguki.

Udhaifu wake wa kwanza ni umbo. Mwili wake umekatwa kama kabari ili ulale kwenye kioo cha gari dogo kilichoinama. Kioo cha Scania, Howo au FAW kimesimama karibu wima. Kabla hujabandua karatasi ya gundi, ishike kamera kwa mkono pale unapotaka ikae, iwashe, zungusha lenzi na uangalie skrini. Kwenye semi unataka barabara ichukue theluthi mbili za picha na anga theluthi moja, kwa sababu gari halina boneti na yanayobishaniwa yanatokea karibu: bodaboda aliyejichomeka mbele ya bampa, mstari wa katikati, tuta. Lenzi ikigoma kufika hapo, tafuta sehemu nyingine ya kioo au kamera nyingine. Usiibandike tu ukitumaini.

Mahali pazuri ni ndani ya eneo linalopigwa na waipa. Nje ya hapo, mvua ya Mbeya na vumbi la michepuko vinaifunga picha. Na ondoa vitambaa vyeupe na maua ya dashibodi. Mchana vinaakisi kwenye kioo na kuonekana kwenye video kama ukungu juu ya barabara, na hapo ndipo mtu atasema namba ya gari lile haisomeki. Kitambaa cheusi kisichong'aa kinatosha.

Umeme

Semi ina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo, jumla volti 24. Kamera yenyewe inakula volti 5. Chaja inayokuja nayo inapokea 12 na 24, ila ikipotea na dereva akanunua ya barabarani iliyotengenezewa gari dogo peke yake, inaungua, na wakati mwingine inaondoka na kamera. Soma maandishi kwenye chaja: lazima iandikwe 12–24V.

Ukipata ruhusa ya ofisi, funga kwa seti ya waya tatu: mmoja wa umeme wa kudumu, mmoja wa swichi, mmoja wa ethi. Usifuate rangi kwa mazoea, maana watengenezaji hawafanani. Mwenzako akikuambia nyekundu ni ya kudumu, kwake ni kweli na kwako inaweza kuwa kinyume. Soma kibandiko cha waya. Chukua umeme kwenye fyuzi ya redio au ya taa ya kabini. Usiguse fyuzi ya ABS wala ya kompyuta ya injini. Gari likija kuleta hitilafu baadaye utaambiwa umechokonoa mfumo, na hoja hiyo itaingia kwenye kesi ya ajali ambayo haihusiki nayo. Seti hizi zina kiwango cha kukata umeme ili kamera isimalize betri. Kwa gari la volti 24 weka kisichopungua 24.0, na kama betri si mpya weka 24.4, ambayo ni takriban nusu ya chaji. Ukishusha chini ya 24 utaamka Makambako gari haliwaki.

Kumbuka pia swichi kuu ya betri. Ukiizima usiku, kamera haioni chochote, hata kama umeweka kurekodi wakati wa maegesho. Dereva anayedai gari liligongwa likiwa limepaki na huku swichi kuu ilikuwa imezimwa hana picha.

Asiyepewa ruhusa ya kuunganisha waya atumie tundu la kiberiti tu. Gari ni la tajiri, na kukata waya bila ruhusa ni kumpa kosa la bure.

Kadi, saa na unyeti

Hapa ndipo kamera nyingi zinawaangusha wenyewe. Tukichukulia megabiti 20 kwa sekunde, saa moja ya video inakula gigabaiti 9. Kadi ya 128 inabeba saa 14, ya 256 inabeba 28, kisha kamera inaanza kufuta za zamani na kuandika juu yake. Ajali ya Mikumi ikiitishwa picha gari likiwa limeshafika Tunduma, kadi ya 64 imeshaifuta. Nunua 128 kwenda juu, na iwe ya aina ya uvumilivu mkubwa iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo. Kadi ya kawaida ya simu inachoka mapema, na inachoka kimyakimya: kamera inawaka, taa inamulika, faili hakuna. Kila mwanzo wa safari toa kadi, fungua faili la mwisho, hakikisha linacheza, kisha ifomati ndani ya kamera yenyewe.

Gawanya video vipande vya dakika 3. Kipande kimoja kinakuwa kama megabaiti 450, kinabebeka.

Kihisi cha mtikisiko kiweke chini kabisa. Kikiwa juu, kila tuta kati ya Kimara na Kibaha kinaliona kama ajali na kulifunga faili lisifutwe. Baada ya siku mbili sehemu ya faili zilizofungwa imejaa matuta, na nafasi ya kurekodi imebaki kidogo. Ila kuna upande wa pili ambao watu hawaufikirii: semi yenye tani 50 ikiguswa na bajaji kwenye tela, kabini haitikisiki, na kihisi hakisikii kitu. Kwa hiyo usikitegemee. Bonyeza kitufe cha kufunga faili kwa mkono, kila mara, hata kama ni mkwaruzo. Faili zilizofungwa zinakwenda kwenye folda inayoitwa RO.

Halafu saa. Kwenye menyu weka UTC+3, yaani saa ya Tanzania, na uiache hivyo safari nzima. Zambia na Lubumbashi wako UTC+2. Kamera ikibaki kwenye saa ya Tanzania na mfumo wa ofisi nao ukibaki hapo, mambo yanalingana. Mmoja akibadilisha akishavuka mpaka wa Nakonde, ripoti ya GPS itasema gari lilikuwa limesimama wakati video inaonyesha linatembea, na tofauti hiyo ya saa 1 itatumika kusema video ni ya siku nyingine. Andika kwenye daftari la safari umeiacha kwenye saa ipi.

Kuna mtego wa saa ulio karibu zaidi na sisi. Dereva anatoa maelezo kwa Kiswahili: ajali ilitokea saa 8 usiku. Kamera imeandika 02:14. Anayeandika ripoti kwa Kiingereza anaandika saa 8 kama ilivyotamkwa, na hapo ajali imehamia saa mbili usiku, muda ambao GPS inaonyesha gari lipo kwenye yadi ya mafuta kilomita 200 nyuma. Kila unapotaja saa kwenye maelezo, taja zote mbili: "saa 8 na dakika 14 usiku, yaani 02:14". Soma kabla ya kusaini, na kama imeandikwa vibaya, omba irekebishwe na usaini pembeni ya marekebisho.

Namba ya gari iingize kwenye menyu ili ijiandike chini ya picha pamoja na kasi. Umeme wa kamera upitie kwenye kibanio, usichomeke kwenye mwili wa kamera; ukichomeka kwenye mwili inarekodi vizuri ila bila GPS, na utagundua siku unayoihitaji.

Kasi: ripoti ya ofisi na picha yako

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania inaliwekea gari zito la biashara la zaidi ya kilo 3,500 mwisho wa kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi. Kwa hiyo kesi nyingi zinaanza na mstari mmoja wa ripoti: "saa 14:02, kasi 84". Kabla ya kukubali au kukataa, uliza kifaa cha ofisi kinatuma taarifa kila baada ya muda gani. Kama ni kila dakika 1, basi kwa mwendo wa 80 gari linatembea mita 1,333 kati ya taarifa moja (nukta kwenye ramani) na nyingine. Nukta ya 84 na nukta ya 0 zinazofuatana hazisemi lolote kuhusu mita 100 za mwisho, na ajali imetokea humo. Kamera inaandika kasi kila sekunde, ambayo kwa 80 ni kila mita 22.

Ila kasi ya GPS nayo ina tabia yake. Ukikanyaga breki kali, namba inachelewa sekunde 1 hadi 2. Video inaweza kuonyesha bampa limeshagusa na chini pameandikwa 46. Asiyejua atasema uligonga ukiwa na 46. Dawa yake ni kuhesabu picha, yaani fremu zinazounda video. Rudi eneo la tukio na futi kamba, pima umbali kati ya vitu viwili visivyohama vinavyoonekana kwenye video, mfano nguzo mbili za kingo za barabara. Kama ziko mita 40 na gari limepita kutoka moja hadi nyingine kwa picha 54, na kamera inapiga picha 30 kwa sekunde, hizo ni sekunde 1.8. Mita 40 kwa 1.8 ni mita 22.2 kwa sekunde, yaani 80. Hesabu hii inaeleweka na mtu yeyote mwenye kikokotoo, na haitegemei setilaiti.

Jambo jingine la lenzi pana: inasogeza vitu mbali. Noah iliyokuchomekea mita 12 mbele itaonekana kama iko mita 25, na mtu wa ofisini atauliza kwa nini hukufunga breki mapema. Jibu kwa kipimo. Kwa 80, mtu aliye macho anatumia kama sekunde 1.5 kabla mguu haujakaa kwenye pedali, na hizo ni mita 33 gari likitembea bila breki. Onyesha picha ambayo Noah ilikuwa bado iko upande wake, onyesha picha iliyoingia mbele yako, hesabu picha zilizo katikati. Hizo ndizo sekunde ulizopewa.

Usiku kamera hii, kama nyingine za lenzi moja, inapata taabu kusoma namba ya gari linalokuja na taa kali. Washa maikrofoni na usome namba kwa sauti: "Noah nyeupe, T..., imeovateki kwenye kona". Sauti hiyo inarekodiwa pamoja na saa yake. Ni njia rahisi kuliko zote na wengi wanazima maikrofoni kwa sababu ya muziki.

Mahali ambapo kamera hii haitoshi

Kesi ngumu kuliko zote za lawama ni za breki. Gari limebeba shaba kutoka Lubumbashi, linashuka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, linaishia ukingoni. Dereva anasema breki zimefeli. Ofisi inasema alishuka na gia nyepesi, ile ya mwendo kasi, akakanyaga breki mfululizo mpaka zikaungua. Yote mawili yanawezekana, na kioo cha mbele hakionyeshi lolote kati ya hayo.

A119 V3 inasaidia kwa njia moja tu, nayo ni sauti. Upepo unaoendesha breki ukishuka hadi kiasi cha bar 5, mlio wa onyo unalia ndani ya kabini. Ukisikika kwenye video kabla gari halijaanza kuongeza kasi, upepo ulikuwa unavuja au kompresa haijazi, na hilo ni suala la matengenezo. Gari likiongeza kasi bila mlio wowote, upepo ulikuwepo na breki hazikushika: hapo ni joto, breki zisizorekebishwa, au tela lisilofunga. Injini nayo inasikika. Fundi mzoefu atasikia kama eksozi breki (breki ya injini) ilikuwa inafanya kazi na kama gia ilikuwa nzito. Sauti hii inaweza kumwokoa dereva na inaweza kumfunga. Aliyeshuka na gia nyepesi asitegemee kamera.

Kwa ruti za milima tunashauri kamera ya njia mbili, lenzi ya pili ikitazama kabini kwa pembe inayochukua geji ya upepo, mikono ya dereva na simu ilipo. Kuongeza lenzi kunakata saa za kadi karibu nusu, kwa hiyo panda kwenye 256. Lakini kamera yoyote ile, kesi ya breki inashindwa au kushinda kwenye karatasi ya ukaguzi kabla ya safari. Tatizo liandikwe: "tela, ekseli ya pili kushoto, inavuja upepo", tarehe, kilomita, jina la fundi aliyepokea. Piga picha karatasi ikiwa imesainiwa. Kumwambia fundi kwa mdomo hakujawahi kuacha alama.

Nyuma pia haioni. Gari lililokuja kujibamiza kwenye tela, kamera itakupa mtikisiko, kasi yako na kama uliwasha taa ya kuashiria kutokana na mlio wake, basi. Na ukivuka Kasumbalesa ukaingia Congo na gari la usukani wa kulia, kwenye nchi inayopita kulia, upande wako usioona ni ule wa katikati ya barabara; lenzi ikiwa katikati ya kioo inaona zaidi yako. Hapo ina faida ambayo haimo kwenye maelezo ya boksi.

Siku yenyewe

Funga breki ya mkono, weka vibao vya tahadhari, shughulikia majeruhi. Kisha bonyeza kitufe cha kufunga faili. Zungusha video ya simu ya eneo lote: alama za matairi, vioo vilipoangukia, mahali magari yalipo kabla hayajasogezwa. Zima kamera, subiri taa yake izimike kabisa, hesabu kumi, ndipo uitoe kadi. Weka kadi ya pili uendelee kurekodi. Ile ya kwanza ifunge kwenye bahasha, andika tarehe, saa, mahali na kilomita za gari, na usiitumie tena. Nakala ziwe mbili, kwenye vifaa tofauti.

Usiikate video kwenye simu, na usiitume WhatsApp kama video, kwa sababu inabanwa na kupoteza ubora na taarifa za faili. Itume kama faili la waraka. Na usiirushe kwenye magrupu. Ikiwa na sura za majeruhi unajitengenezea kesi yako mwenyewe.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, na uzito wake unapimwa kwa namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama haukuguswa. Kadi ya asili kwenye bahasha ndiyo jibu la hayo yote. Polisi wakiihitaji, wape kwa maandishi ya kupokea, ukiwa umebaki na nakala.

Hapa tunasema kwa msisitizo: usikiri kosa usilolifanya ili gari litoke haraka. Ofisi inaweza kupiga simu na kusema kubali, faini tutalipa sisi. Faini wanalipa kweli. Kisha kukiri kule kunarudi kwenye kikao cha nidhamu, na hapo video ina kazi ya kupingana na maneno yako mwenyewe. Omba nakala za fomu za polisi, PF 90, PF 93 na PF 115 zikishakamilika, pamoja na mchoro wa eneo. Linganisha mchoro na video, hasa upande ambao magari yaligusana.

Unapoitwa ofisini

Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya hasara kienyeji. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi; mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi alivyokipata; mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga; deni lisizidi hasara halisi; kuwe na makubaliano ya maandishi yanayotaja deni; na makato yasizidi robo ya ujira wa fedha. Tuseme mshahara ni 600,000: mwisho ni 150,000 kwa mwezi. Kipengele cha hasara halisi kina uzito kuliko watu wanavyodhani. Bima ikishalipa matengenezo, hasara ya mwajiri ni ile sehemu ambayo bima haikulipa. Omba kuona hesabu hiyo kabla ya kusaini karatasi yoyote inayosema "nakubali deni".

Video inakaa kwenye kile kipengele cha nafasi ya kupinga. Andika barua fupi, taja sekunde: "dakika ya 1:42 gari dogo linaingia, dakika ya 1:44 limesimama". Barua yenye sekunde inalazimisha jibu lenye sekunde.

Ikifika kikao cha nidhamu, Kanuni za Utendaji Bora za 2007, GN 42 (Tangazo la Serikali Na. 42), zinakupa muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa na haki ya kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako. Kati ya makosa yanayoweza kuhalalisha kufukuzwa ni uzembe mkubwa au kuhatarisha wengine kwa makusudi. Kosa la kwanza halitoshi mpaka lithibitishwe kuwa zito kiasi cha ajira kutoendelea. Kama gari lina kamera za ofisi zinazotuma picha kwenye seva, omba kwa maandishi kipande kizima, dakika 5 kabla na 5 baada. Mfumo mara nyingi unahifadhi vipande vifupi vya tukio tu, na vinaanza pale breki ilipokanyagwa, yaani baada ya yule mwingine kuwa ameshachomekea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kuona taarifa zinazokuhusu.

Wa Kenya, ruti ya Mombasa hadi Malaba, wasome kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007: makato ya uharibifu yanaruhusiwa pale ambapo ni kosa la makusudi, na makato yote kwa jumla hayazidi theluthi mbili za mshahara.

Turudi Tanzania: ukifukuzwa, una siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu F.1. Mgogoro wa makato una siku 60. Siku zinahesabika hata kama bado mnazungumza na ofisi kwa amani. Ukichelewa unaanza na fomu F.2 ya kuomba kusamehewa muda, na unaeleza kila siku iliyopita. Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakukuzuii. Wajibu wa kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi ni wa mwajiri, na akishindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye.

Siku ya usuluhishi usiende na kamera ukitegemea skrini yake, ni ya inchi 2 na hakuna atakayeona kitu. Nenda na kompyuta ndogo iliyochajiwa, kisoma kadi, spika ndogo ili mlio wa upepo usikike mezani, na picha nne au tano zilizochapishwa kutoka kwenye video zikiwa na saa na kasi chini yake. Chapisha seti tatu: ya msuluhishi, ya mwajiri na yako.